Msikiti wetu eti ni "turathi ya taifa", lakini dari ikivuja hilo taifa halionekani

Wana Mombasa, salaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Msikiti wenyewe uko Mji wa Kale. Jina silitaji, kamati imetuomba tusiuanike, ila wenyeji mtaujua tu. Ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti, na mnara mfupi mnene ambao watalii huupiga picha bila hata kutoa salamu. Masika yaliyopita kipande cha dari kiliporomoka juu ya safu ya pili. Alhamdulillahi haikuwa wakati wa swala. Kamati ikachangisha, fundi akaitwa, na kabla hajaegemeza ngazi akaja afisa wa ofisi ya turathi na barua: jengo limehifadhiwa kisheria, simamisheni kazi mpaka mpate kibali.

Haya. Tukaomba kibali. Masika yakaisha, vuli ikaja ikapita, kila tukienda twaambiwa faili liko kwa mkubwa. Mkubwa gani huyu asiyerudi ofisini? Tukatandaza mabati juu ili watu wasilowe wakiwa kwenye sijida, na ndani ya wiki hiyo hiyo ikaja barua nyingine kwamba mabati yanaharibu sura ya mtaa. Kwa hiyo kuandika wajua. Barua ya mabati ilikuja mbio, ya kibali ndiyo imepotea njia.

Na hapo hapo karibu, mtu amebomoa nyumba ya kale yenye roshani na mlango wa nakshi, amepandisha gorofa ya simiti na vioo vya buluu. Mtaa ni ule ule, eneo ni lile lile lililotangazwa hifadhi tangu miaka ya 1990. Hakuna aliyemsimamisha fundi wake. Sisi tunaotaka kubadilisha boriti zilizooza ndio wahalifu.

Kabla hamjanirukia: mimi si katika wale wanaotaka kubomoa. Wako kwenye kamati, wana mfadhili, na mchoro wa gorofa tatu na maduka chini nimeuona kwa macho yangu. Hoja yao si ya kipuuzi. Ijumaa watu hujaa mpaka uchochoroni, wazee wasujudu kwenye mikeka pembeni mwa mtaro. Lakini Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570, uko papo hapo na watu wasali mpaka leo. Ukongwe haujawahi kumzuia mtu kusali. Kinachozuia ni dari kumwangukia.

Tena hawa wa gorofa na hawa wa ofisi wote hawaijui nyumba yenyewe. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana ndani kumejaa nguzo. Huwezi kung'oa nguzo mbili ili upate nafasi ya safu moja zaidi, dari yote itakufuata. Na jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Chokaa yaliachia lipumue. Ukilipiga lipu ya simiti maji yafungiwa ndani, chumvi yakusanyika, na baada ya miaka michache lipu yabanduka na ngozi ya jiwe. Upande wa birika la udhu tayari umeliwa hivyo, kazi ya fundi wa bei rahisi wa zamani hizo. Kwa hiyo ndiyo, nakubali kabisa kwamba si kila mwenye mwiko aachiwe kuugusa msikiti huu. Sasa leteni huyo anayejua! Ofisi yasema tumia chokaa, tumia boriti, tumia fundi aliyeidhinishwa, halafu ukiuliza yuko wapi na nani atamlipa, watu watazama simu zao. Waashi wa chokaa waliobaki hapa mjini ni wazee, na mshahara wao si wa sanduku la sadaka.

Sheria naijua kidogo. Ile ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 yampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kwenye Gazeti Rasmi, na mwenye pingamizi alete kabla muda haujaisha. Ni nani msikitini asomaye Gazeti Rasmi? Mwadhini? Tangazo lingebandikwa mlangoni pale panapobandikwa ya mazishi, lingemgharimu nani?

Msiniletee Hagia Sophia ya Istanbul kwenye majibu. Kufanywa jumba la makumbusho mwaka 1934 na kurudishwa msikiti 2020 ni maamuzi ya wakubwa wa dola. Inayotufaa ni Boerne, mji mdogo wa Texas. Kanisa Katoliki la St. Peter, la mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya watu kama 230, na misa nyingine za Jumapili watu 40 hadi 60 walikosa pa kukaa. Askofu mkuu Flores akaruhusu lipanuliwe, mji ukakataa kwa sababu ya eneo la kihistoria. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1997 kanisa likashindwa: sheria ya uhuru wa dini ya 1993 waliyoiegemea ikaonekana Bunge limevuka mpaka wake. Lakini sikilizeni, mji ulioshinda ulikaa na kanisa wakapatana, sehemu kubwa ya jengo la kale ibaki, ukumbi mpya uende nyuma. Wale walikaa baada ya kushinda. Hawa wetu hatujawashtaki hata kidogo na kikao hawakitaki.

Na kuna hili linalonichoma zaidi. Msikiti ni waqfu. Hauuzwi, haurithiwi, hapewi mtu zawadi. Ulinzi huo aliuweka aliyeutoa, kabla hapa hapajakuwa na ofisi yoyote ya turathi, na aliutoa watu wasali. Leo mtu aja na barua yenye muhuri kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kuujali.

Tunachotaka: kibali cha dari pekee, kwa maandishi, au sababu ya kukataliwa, kwa maandishi. Habari ya upanuzi tutaizungumza baadaye, kamati, ofisi na jamaa wote wa msikiti wakiwepo, si wenye mfadhili peke yao.

Kamati yaenda tena Jumatatu. Kama humu kuna wakili aliyewahi kupeleka pingamizi la aina hii baada ya muda kupita, nahitaji kujua alianzia wapi. Na mwenye kumjua mwashi wa chokaa ambaye bado apanda ngazi, aniandikie faraghani, hata kama yuko Lamu. Nauli tutachanga.