Majirani Mabatini Bondeni, asubuhi baada ya mvua

Mama Kulwa: Majirani mmeamkaje. Mto Mirongo umefurika saa nane usiku, maji yameingia mpaka usawa wa kitanda. Tumekesha juu ya meza na watoto.

Mama Kulwa: [picha]

Bibi Nyamizi: Pole mwanangu. Kulwa na Doto wazima?

Mama Kulwa: Wazima bibi, tunamshukuru Mungu. Maji yameanza kushuka ila harufu haielezeki. Si ya mvua peke yake haya, mnajua mvua ikinyesha huko mlimani vyoo vinafunguliwa, uchafu unashuka na maji.

Balozi: Poleni sana. Nimepita nyumba sita za huku chini, zote zimeingiliwa. Mtu asiguse soketi wala friji.

Baba Imani: Ndiyo naenda kuzima meini swichi hapa

Masanja Fundi: BABA IMANI SUBIRI. Hapo unaposimama pana maji?

Baba Imani: Yapo, kwenye vifundo vya miguu

Masanja Fundi: Toka nje kaka, usiiguse. Hata kama luku imeisha, waya unaotoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita una umeme. Pigia TANESCO wakate kwenye nguzo.

Baba Imani: Nimetoka. Asante.

Masanja Fundi: Mungu mkubwa. Sasa majirani, kwa ruhusa ya Balozi nina tangazo. Wengi mnanijua kwa plasta na rangi. Sasa nina pampu ya petroli ya inchi 2 na vijana wanne, na kazi ya nyumba zilizoingia maji tunaifanya yote: kuvuta maji, kutoa tope, kuosha, kupiga dawa, kukausha, mwisho ndiyo plasta na rangi.

Balozi: Ruhusa unayo. Sema na bei, watu wajipange.

Masanja Fundi: Bei ya nyumba nisiyoiona siwezi kuitaja Balozi, nitakuwa namdanganya mtu. Kuja kuangalia ni bure. Nikishaona naandika kwenye daftari kila kitu na bei yake, mwenye nyumba anasaini nami nasaini. Inatangulia hela ya mafuta na dawa tu, ufundi unalipwa kazi ikiisha. Na bei ni ileile ya kiangazi. Siwezi kupandisha kwa majirani waliokesha juu ya meza.

Dada wa Dukani: Mimi niseme ukweli, mafundi wa mafuriko nawaogopa. Mafuriko yaliyopita alikuja mmoja, si wa mtaa huu, akafagia maji, wiki hiyohiyo akapaka rangi ya mafuta. Nyumba iking'aa! Mwezi uliofuata rangi ikavimba kama malengelenge, ukiibonyeza inatoka maji. Chini ukuta ukatoa unga mweupe wa chumvi, nyuma ya kabati ukungu mweusi. Mwanangu kifua kikabana tukashinda hospitali. Laki tatu zangu zimeenda hivyo.

Masanja Fundi: Pole sana dada. Na hapo ndipo watu wengi wanapoumizwa. Maji ya sakafuni yanatoka ndani ya saa mbili, hiyo si kazi. Kazi ni maji yaliyo ndani ya ukuta. Tofali la simenti linanyonya maji na kuyapandisha juu kuliko pale yalipoishia. Ukilifunika na rangi ya mafuta, maji yanatafuta pa kutokea, yanaisukuma rangi.

Dada wa Dukani: Sasa nitajuaje umekauka? Kwa macho ulikuwa mkavu kabisa.

Masanja Fundi: Chukua kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa daftari. Kibandike ukutani karibu na sakafu, selotepu pande zote nne pasipite hewa. Kesho yake kiangalie. Ukiona matone kwa ndani au ukuta pale umekuwa mweusi, bado. Msimu huu wa masika ukuta unaweza kuchukua wiki kadhaa, hata zaidi ya mwezi. Fundi akikwambia siku tatu anapaka, mkatalie, hata nikiwa mimi.

Mwalimu: Na dawa ni ipi? Nina jiki ndani.

Masanja Fundi: Inafaa mwalimu, ila tope litoke kwanza, uoshe kwa sabuni, usuuze. Jiki ikikutana na uchafu nguvu inaisha. Ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita. Paka, iache dakika kumi. Usiichanganye na dawa ya choo, hewa yake inaumiza mapafu. Madirisha wazi.

Nesi Rehema: Naongezea. Vaeni mabuti na glavu. Mwenye kidonda mguuni asiingie kwenye hayo maji, mkojo wa panya unaleta homa ya mgunda. Maji ya kunywa chemsheni au wekeni dawa, kipindupindu kisitukute.

Mama Kulwa: Masanja, godoro nikilianika juani litapona?

Masanja Fundi: La sponji?

Mama Kulwa: Ndiyo. Lina miezi minne. Nimelinunua kwa hela ya kikoba.

Masanja Fundi: Dada yangu, hilo litupwe. Limenyonya maji ya choo, juu litakauka ila katikati halikauki, na ukungu unaanza ndani ya siku moja au mbili. Naomba usiwalaze watoto juu yake. Meza, viti vya plastiki, sufuria, hivyo vyote vinaosheka. Nguo pia, sabuni na maji ya moto.

Mama Kulwa: Sawa.

Bibi Nyamizi: Mama Kulwa, huku kwangu maji hayakufika. Lipo godoro la marehemu babu yao, limekaa bure. Mtume kijana alichukue.

Mama Kulwa: Asante bibi. Nimekosa la kusema 🙏🏾

Baba Imani: Masanja, anza na vile vyumba vyangu vya uani, nina wapangaji wawili. Nalipa leo.

Masanja Fundi: Vile vya tofali mbichi?

Baba Imani: Ndiyo. [picha]

Masanja Fundi: Kaka, hela yako sitaichukua. Angalia picha yako kwenye kona ya dirisha, ufa umeshuka mpaka chini na ukuta umetoa tumbo. Tofali mbichi likilowa linarudi kuwa udongo, na mara nyingi linaanguka maji yakishapungua, watu wakidhani yameisha. Watoe wapangaji sasa hivi, hata sufuria wasirudie.

Balozi: Baba Imani umesikia? Wapangaji waje ofisini kwangu, pana nafasi.

Baba Imani: Nawatoa.

Masanja Fundi: Wengine pigeni picha kila chumba kabla ya kugusa kitu, zitawasaidia kwa mwenye nyumba au kwa bima. Naanza kwa Mama Kulwa, halafu dukani, halafu kwa mwalimu. Pampu yangu inakaa nje, ni mpira tu unaoingia ndani. Atakayekuja na injini akataka kuiwashia chumbani mzuieni, moshi wake unaua.

Balozi: Vijana wenye majembe tukutane mtaroni pale darajani, umeziba kwa takataka.

Masanja Fundi: Mama Kulwa tumefika nje, TANESCO wameshakata.

Mama Kulwa: Nawaona. Piteni upande wa kulia, kushoto kuna shimo la chemba, mfuniko umeondoka na maji.