Kitako cha bunduki, ile mbao ya kuegemeza begani, hakimtoshi mtu, halafu anaambiwa hajui kulenga!

Wakuu, hili la vitako limezidi. Bunduki inauzwa na darubini juu, lakini kitako kimechongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyolala karibu na mtutu. Darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 50 hupandisha mstari wa jicho, mara nyingi kwa sentimita 1.5 hadi 2. Shavu likilala kwenye mbao, jicho linaona giza. Basi mlengaji ananyanyua kichwa mpaka kinachogusa mbao ni kidevu, shingo inakakamaa, na kila risasi jicho linakaa mahali pengine. Msalaba wa darubini unahama juu ya shabaha hata bunduki ikiwa imetulia kabisa. Mwalimu naye: "Unaogopa teke la bunduki." Hapana! Mpeni kwanza pa kuegemeza shavu.

Na kitako kikiinama sana kwa nyuma, teke linapita juu ya bega, mtutu unaruka na mbao inampiga mtu kwenye mfupa wa shavu. Hapo lazima aogope.

Haya, urefu. Kutoka triga hadi mwisho wa kitako wengi wanatoa sentimita 34 au 35, mfupi na mrefu wote humo humo. Kikizidi, kinanasa kwenye nguo wakati wa kupandisha na mgongo unapinda nyuma. Kikipungua, kidole gumba kinagonga pua na ukingo wa darubini unapasua nyusi.

Tena tuachane na kile kipimo cha kuweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kama kidole kinafika kwenye triga. Kinapima mkono tu. Shingo, kifua na unene wa koti havimo. Wala mkao haumo: aliyelala kifudifudi kichwa chake husogea mbele, na urefu unaomfaa si ule wa aliyesimama kiubavu. Bunduki za mashindano ya mikao mitatu (kupiga magoti, kulala, kusimama) zina kitako cha kurekebishwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwindaji yeye avumilie?

Pimeni hivi. Toa risasi zote, chungulia chemba, pale risasi inapokaa, na uiguse kwa kidole, mtutu uelekee upande salama. Funga macho, pandisha begani, laza shavu, fungua jicho. Duara la darubini lisipojaa, usihamishe kichwa. Bandika sponji ngumu juu ya kitako, milimita 3 kila tabaka, funga kwa utepe, rudia. Vuta bolti, kile chuma cha kufungia chemba, hadi mwisho uone kama haigongi sponji, maana wengi husahau hapo. Kati ya pua na kidole gumba ibaki nafasi ya vidole viwili.

Vipande vya kurefusha kitako ni plastiki na skrubu mbili ndefu. Kwa nini havimo ndani ya boksi?