Kwa nini AMNUT haikupata kiti hata kimoja, hata huku kwetu Kusini?

Mwalimu wa Mitwero, Lindi

Asalaam aleikum, na habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha historia ya kidato cha nne hapa Lindi, na wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nililijibu bila kuridhika mimi mwenyewe. Tulikuwa tukisoma vyama vya siasa vya Tanganyika kabla ya uhuru: TANU, UTP ya walowezi, ANC ya Zuberi Mtemvu, na mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja tu, AMNUT, yaani umoja wa kitaifa wa Waislamu wote wa Tanganyika. Akasimama binti mmoja wa nyuma akauliza: ikiwa pwani yote hii Waislamu walikuwa wengi, na ikiwa ni kweli kwamba walikuwa wameachwa nyuma kielimu, ilikuwaje chama kilichojitokeza kulisema jambo hilo waziwazi kisiambulie hata kiti kimoja?

Nilimwambia kwamba wananchi walitaka uhuru haraka. Jibu hilo si la uongo, lakini linamfanya aliyelalamika aonekane kwamba hakuwa na lolote la kulalamikia, na darasa langu lina watoto ambao mababu zao walikuwa na la kulalamikia. Naomba wenye ujuzi wanisaidie, hasa wanaoifahamu historia ya Lindi na Mtwara.

Mzee wa Mikindani

Waaleikum salaam, mwanangu. Binti huyo ameuliza vizuri, nami naomba uvumilie urefu wa jibu langu, maana habari hii imefupishwa mno hata imebaki ganda tupu.

Tuanze na kile ambacho chama chenyewe kilidai. AMNUT ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati ambapo TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa imekwisha kuota mizizi mijini na vijijini. Mwaka 1959 ikatoa dai ambalo ndilo lililoipa jina: Waingereza wasiharakishe kuondoka, uhuru usubiri mpaka Waislamu wapate elimu ya kuwafikisha walipofika wenzao Wakristo, la sivyo serikali mpya na ofisi zake zitashikwa na waliosoma misheni. Dai hilo lina sehemu mbili, na wengi hukosea kwa kuzisoma kama moja. Sehemu ya kwanza ni ugonjwa, ya pili ni dawa. Ugonjwa ulikuwapo kweli. Dawa ndiyo iliyokiua chama.

Ili wanafunzi wako wauone ugonjwa, wape masharti ya uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe umefika darasa la nane, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe na cheo kinachotambuliwa na serikali. Nchi nzima walioandikishwa walikuwa watu wapatao 60,000. Mvuvi wa Mikindani, mkulima wa muhogo wa Newala, hata shehe aliyefundisha chuo cha Kurani miaka 30, wote walibaki nje. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, aliuliza hadharani mwaka huohuo wa 1958 Waislamu watakuwa na nafasi gani katika serikali ijayo, akafukuzwa chamani. Mimi naona swali lake lilistahili kujibiwa, wala halikustahili adhabu, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyeipenda TANU tangu utoto.

Sasa tuje kwenye dawa. Ni nani aliyekuwa anaambiwa asubiri? Waislamu wa miji ya pwani hawakuikuta TANU ikipita njiani wakaifuata. Waliijenga. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed aliyewatoa wanawake majumbani wakajaa viwanjani, Sheikh Hassan bin Ameir aliyesimama nayo kwa elimu yake ya dini: hawa walitoa fedha, nyumba, muda na heshima zao. Mikutano ilifunguliwa kwa dua. Ukimwendea mtu wa namna hiyo mwaka 1959 ukamwambia angoje, unamwambia ashuke juu ya paa la nyumba aliyoijenga mwenyewe huku kumebaki makuti machache tu. Na anayemwomba angoje anatoa ombi lilelile ambalo mkoloni angefurahi kulisikia. Ndiyo maana waliokuwa mbele kuikataa AMNUT ni Waislamu wenyewe.

Kuhusu viti, hesabu zinajieleza. Agosti 1960 kulikuwa na viti 71, na 58 kati ya hivyo wagombea wa TANU walipita bila kupingwa. TANU ilichukua 70, na kile kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilikwenda kwa mgombea binafsi ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU. Kwa utaratibu huo, kila eneo mshindi mmoja, chama chenye wafuasi wachache waliotawanyika Dar es Salaam na pwani hakipati kitu, hata kama kila mfuasi ana hoja nzito. Mtemvu, aliyekuwa na sera kali lakini zisizohusu dini, aligombea urais mwaka 1962 dhidi ya Nyerere akapata kura 21,000 na kidogo, mwenzake akapata zaidi ya 1,100,000. Bahari ilikuwa imekwisha kujaa, na ngalawa zote ndogo zilikwenda na maji. Mwaka 1965 katiba ya muda ikaruhusu chama kimoja tu kwa Tanganyika, na huo ndio ukawa mwisho wa mlango huo kisheria.

(Wanafunzi wasije wakachanganyikiwa: wakiona maandishi ya enzi hizo yanasema Jimbo la Kusini, hapo jimbo ni mkoa mzima mkubwa uliojumuisha Lindi, Mtwara na hata Songea, si jimbo la uchaguzi la leo.)

Mmasasi

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa mengi, lakini naomba kuongeza kuhusu shule, kwa kuwa sisi wa Masasi tuliliona jambo hili kutoka upande wa pili wa ukuta.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuchomwa katika vita vya Majimaji. Tangu hapo, kwa mtoto wa Kiyao au wa Kimakua aliyetaka kwenda mbali, njia ilipita misheni. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alisoma kwao kisha Ndanda, na tunajua alikofika. Mzazi Mwislamu aliyeishi maili tano kutoka shule hiyohiyo alikuwa na hofu ya haki kwamba mwanawe ataingia akiwa Saidi na kutoka akiwa Simoni.

Lakini hali haikuwa hivyo tangu mwanzo, na hapa ndipo ningependa mwalimu akae zaidi na wanafunzi wake. Wajerumani walifungua shule za serikali zisizokuwa za dini katika miji ya pwani, Lindi ikiwamo, na kutoka humo walipata makarani na maakida, wengi wao Waislamu. Kwa miaka hiyo mtu wa pwani ndiye aliyekuwa msomi, na mtu wa bara ndiye aliyeandikiwa barua. Waingereza walipokuja wakaelekeza ruzuku kwa shule za misheni kuanzia katikati ya miaka ya 1920, na mizani ikageuka ndani ya kizazi kimoja. Bibi yangu mzaa baba aliandika barua zake zote kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili safi, mpaka anaingia kaburini. Kwenye karatasi za serikali ya kikoloni alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Huo ndio uchungu uliokuwa nyuma ya AMNUT, na mtu asiyeuelewa atadhani walikuwa vibaraka tu.

Ninapotofautiana na mzee ni hapa: sidhani kwamba kuchelewesha uhuru peke yake ndiko kulikokiangusha chama. Hata kama wangedai shule bila kusema neno lolote juu ya uhuru, jina lenyewe lingewafungia milango huku kwetu. Katika ukoo wangu kuna Waislamu na Wakristo waliotoka tumbo moja, wanazikana na kuozana. Chama kinachojiita cha Waislamu wote kinamtaka mtu achague kati ya chama na ndugu yake wa damu, na huku kwetu mtu hamwachi ndugu yake.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1969 serikali ilizitaifisha shule za misheni, Ndanda ikiwa mojawapo, na mtoto wa Kiislamu akaingia bila kuulizwa dini yake. Sisemi kwamba hilo lilimaliza kila kitu, lakini sehemu kubwa ya lile walilolilia AMNUT ilijibiwa na chama walichokipinga.

Mzee wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Hoja ya jina naipokea. Ila 1969 ni miaka minane baada ya uhuru, na mtoto aliyekuwa na umri wa kuanza shule mwaka 1959 alikuwa amekwisha kuwa kijana wa baharini. Kwake yeye jibu lilichelewa.

Bint Kilwa

Naomba niingie kwa upande wa miaka ya karibuni, kwa sababu mwanafunzi akishasikia habari za AMNUT swali lake la pili litakuwa juu ya CUF, na hapo ndipo watu wengi hupotosha.

Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, chama cha dini hakiwezi kusajiliwa Tanzania. Katiba, ibara ya 20, inakataza kusajili chama kinachokusudia kupigania maslahi ya imani au kundi la dini, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka huo inasema vivyo hivyo. Kwa hiyo kwa maana ya kisheria AMNUT haina mrithi. CUF ilitokana na muungano wa kundi la Zanzibar na Chama cha Wananchi cha James Mapalala cha huku bara, na kuiita chama cha Waislamu ni jina ililopachikwa na washindani wake.

Tazameni kura za Kusini zenyewe. Mwaka 2010 CUF ilichukua Lindi Mjini kwa Salum Barwany na Kilwa Kusini kwa Selemani Bungara. Mwaka 2015 ikachukua Kilwa zote mbili, Mchinga, Liwale, Mtwara Mjini na Tandahimba. Sasa Kilwa Kaskazini, penye misikiti kila kitongoji, aliyechaguliwa kwa tiketi ya CUF aliitwa Vedasto Ngombale. Wazee wangu waliompigia kura hawakumuuliza anasali wapi. Waliuliza habari za bei ya ufuta na korosho, na huko Mtwara kulikuwa na kidonda cha gesi cha 2013, watu walipoandamana kwa sababu bomba lilikuwa linajengwa kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2020, wakati upinzani ulipokwisha karibu kila mahali, Mtwara Vijijini ilimpeleka bungeni Shamsia Mtamba wa CUF.

Ninachokiona mimi ni kwamba watu wa Kusini wanalijua vizuri sana tatizo la kuachwa nyuma, na wamelipigia kura mara nyingi. Hawajawahi kulipigia kura kwa jina la dini, tangu 1960 hadi leo.

Mwalimu wa Mitwero, Lindi

Nawashukuru sana. Nimelichapisha jibu la Mzee na la ndugu yetu wa Masasi, na tofauti yao kuhusu jina la chama nitaiacha darasani kama ilivyo, wanafunzi waijadili wenyewe.

Jumatatu nitaandika ubaoni yale masharti matatu ya 1958, darasa la nane, pauni 150 au cheo, kisha kila mmoja aende nyumbani akaulize kama kuna mtu yeyote katika ukoo wake, bibi au babu wa wakati ule, ambaye angeruhusiwa kupiga kura. Kwetu nimekwisha kuuliza. Babu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi, babu mzaa baba alifundisha Kurani huko Mchinga na alikuwa na wanafunzi wengi kuliko mimi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeandikishwa.