Ami wangu amefiwa na mbwa wake wa kazi na majirani wanamcheka, nimsaidieje?

Kijana_Mikindani:
Asalaam aleikum wadau, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani hali si nzuri. Ami wangu alikuwa polisi upande wa mbwa, kafanya kazi na jerman shepadi mmoja akiitwa Taji miaka saba, kunusa mabomu, mara feri ya Likoni mara uwanja wa ndege. Taji alipozeeka nyonga zikaanza kumsumbua akastaafishwa, na ami naye alikuwa ashakaribia kustaafu, akaandika barua kuomba aje naye nyumbani, akakubaliwa. Wamekaa hapa miaka mitatu. Jumapili alfajiri tukamkuta Taji kalala mlangoni pa chumba cha ami, ashakufa.

Tumemzika nyuma ya nyumba chini ya mkwaju. Tangu siku hiyo ami chakula anagusa tu, yuwakaa barazani na ile kamba ya Taji mkononi mpaka usiku. Anataka aweke jiwe pale mkwajuni aandike jina. Sasa majirani ati mzee mzima, Muislamu, analilia mbwa, na mmoja kamwambia usoni kuwa ni haramu. Imeniuma sana kwa sababu huyu mzee sijawahi kumuona akiacha swala. Pale bombani kaweka ndoo ya udongo safi, kila akitoka kumshika Taji anaosha mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, anabadilisha nguo ndo aende msikitini. Kila siku, hata kwenye mvua za masika. Je hilo jiwe lina ubaya? Na mtu kama huyu anafarijiwa vipi?

Kilindini_ya_Zamani:
Pole sana mwanangu, nifikishie pole kwa ami yako. Mimi nalifanya kazi bandarini miaka mingi na mbwa wa kunusa pembe za ndovu naliwaona kwa macho yangu. Watu wadhani mbwa ndo anafanya kila kitu. Jua la pale unalijua, lami yachoma mpaka kwenye soli ya kiatu, na mbwa akishaanza kuhema mdomo wazi hawezi kunusa sawasawa, kwa hivo yule anayemshika lazima ajue dakika ya kumtoa, ampeleke kivulini ampe maji, kisha warudi. Siku moja nalimuona askari kavua koti lake kamtandikia mbwa kivulini mwa kontena, yeye kasimama juani. Na mbwa akipata harufu habweki, hakwaruzi, anakaa kitako kimya anamtazama mtu wake. Basi. Ule mtazamo mpaka leo naukumbuka.

Hendla_Mstaafu:
Ndugu yangu, mimi nimeshika mbwa wa mabomu kwa hivo ntasema ninachokijua. Mbwa hajui bomu ni nini. Amefunzwa kwamba akiipata ile harufu atarushiwa mpira, na anataka mpira urushwe na mtu wake, si na mtu mwengine yeyote. Wewe ndo unamlisha, unamchana, unamtoa kupe kidole kwa kidole mpaka ndani ya masikio, maana huku pwani homa ya kupe inaweza kummaliza mbwa mzima mwenye nguvu zake. Mwisho unamjua kiasi kwamba mkia ukisimama kidogo tu au pumzi ikibadilika unajua kuna kitu kabla hata hajakaa. Ami yako alikuwa anatembea nyuma ya ile pua kuelekea kwenye mizigo ambayo sisi wengine tungeikimbia, na alikuwa anaiamini. Miaka saba.

Mimi wangu sikupewa. Nilihamishwa, akabaki na kijana mwengine, nikaambiwa siku za mwanzo alikuwa hali chakula. Sikumuona tena. Kwa hivo mwambie ami yako alifanya jambo kubwa kumleta nyumbani, akafa mlangoni pake. Hiyo kamba msimnyang'anye. Na usimwambie asahau, muulize habari za kazi, mbwa alikuwa na tabia gani, alikuwa anaogopa nini. Atasema tu.

Darasa_la_Alasiri:
Huyo jirani amekosea na amemkosea mzee adabu. Kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, ndo sababu ya zile mara saba, na ami amezitekeleza kuliko wengi wetu. Najisi ni jambo la kuosha, si amri ya kumchukia mnyama. Qur'ani yenyewe, sura ya Maida aya ya 4, inaruhusu wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na kwenye Kahf aya ya 18 yuko mbwa wa watu wa pangoni kanyosha mikono yake pale kizingitini. Na ipo hadithi ya Bukhari na Muslim ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye khofu yake, yaani kiatu cha ngozi, akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Kuhusu jiwe, maoni yangu ni kwamba alama ya kujua pahali haina neno, ila asilijengee kama kaburi la mtu. Amuulize imamu wake, atulie moyo.

Mvukaji_Likoni:
Navuka feri kila siku na watoto. Huenda huyo Taji alishanipitia miguuni na sikumtazama mara mbili. Mpe ami shukrani zangu.

Kijana_Mikindani:
Ahsanteni nyote, nimemsomea jana baada ya Isha. Ile ya mtu wa kisimani alikuwa anaijua, akaimalizia mwenyewe. Kisha nikamuuliza Taji alikuwa anaogopa nini, akanyamaza sana, nikadhani nimeharibu, halafu akaniambia honi ya feri. Kila ikilia Taji alikuwa anamwegemea mguuni, ikishanyamaza anaendelea na kazi. Tumekaa mpaka saa sita usiku akinieleza, na akala mahamri mawili na mbaazi.

Jiwe atachukua la matumbawe, dogo, bila maandishi. Ile ndoo ya udongo bado iko bombani. Nilimuuliza kama niiondoe, akasema iache kwanza.