Wasiwasi miezi mitano baada ya kujifungua: ni homoni, tezi ya shingo au kukosa usingizi? Tuanze na kipimo gani?

Mhudumu_wa_Mtaa

Habari za jioni wadau. Ninahudumia kikundi cha akina mama wanaonyonyesha, na kuna hali inayojirudia ambayo naomba wenye ujuzi mnisaidie kuichambua.

Mama ana mtoto wa miezi minne hadi sita. Ameanza mazoezi na amepunguza chakula ili mwili urudi ulivyokuwa. Kisha moyo unaanza kumwenda mbio hata akiwa amelala, viganja vinatoa jasho, vidole vinatetemeka. Mtoto amelala salama, lakini yeye anaamka mara tano kumsikiliza kama anapumua. Nywele zinakatika kwa mafungu, kwa hiyo ananunua vidonge vya nywele na kucha. Akienda zahanati anapimwa presha na malaria, anaambiwa "hizo ni homoni za uzazi, zitatulia", anarudi nyumbani.

Nauliza: je, ni kweli ni homoni tu? Kama fedha inatosha kipimo kimoja au viwili, apime nini? Na nyumbani afanye nini ili aweze kulea bila kuishi kwa hofu?

Maabara_Zamu

Ndugu, jibu la "zitatulia" lina ukweli kwa wiki mbili za kwanza. Kondo la nyuma likishatoka, estrojeni na projesteroni zinaporomoka ndani ya siku chache, na ubongo uliozoea utulivu unaoletwa na projesteroni unabaki mtupu. Ndiyo maana machozi na hofu za wiki ya kwanza huwapata wengi na huisha zenyewe. Lakini mwezi wa tano poromoko hilo limeshapita zamani. Moyo ukianza kwenda mbio wakati huo, tafuta sababu nyingine, na ya kwanza kuitafuta ni tezi ya shingo, yaani thairoidi.

Kinachotokea ni hiki: wakati wa ujauzito kinga ya mwili hupunguza makali. Baada ya kujifungua inaamka, na kwa takriban mama mmoja kati ya 20 inashambulia tezi hiyo. Tezi ikijeruhiwa inavujisha homoni ilizokuwa imezihifadhi. Hiyo ndiyo awamu ya kwanza, kwa kawaida kati ya mwezi wa 1 na wa 6: moyo mbio, joto, mtetemo, kupungua uzito, wasiwasi usio na sababu. Akiba ikiisha inakuja awamu ya pili, mara nyingi kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 8: uchovu, baridi, choo kigumu, uzito kupanda, huzuni. Si kila mama anapitia zote mbili. Wengi tezi yao hurudi kawaida ndani ya mwaka mmoja hivi, wachache hubaki na tezi dhaifu na kuhitaji dawa ya kudumu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi: tezi ikizidisha, TSH hushuka; ikilegea, TSH hupanda. Ikitoka nje ya kiwango, chini au juu, ongezeni T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe. Cha pili ni hemoglobini, kwa sababu upungufu wa damu peke yake unaweza kuukimbiza moyo. Msitumie fedha kupima estrojeni na projesteroni: kwa anayenyonyesha estrojeni huwa chini, na namba hiyo haitabadilisha matibabu.

Sasa hapa pana mtego mkubwa. Vidonge vya nywele na kucha vina biotini, aina ya vitamini B, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000 kwa kidonge, wakati mwili unahitaji kama 30 au 35 tu kwa siku. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe. Ikijaa kwenye damu, TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na T4 inasomeka juu kuliko ilivyo. Karatasi inaonyesha tezi inayofanya kazi kupita kiasi, kumbe tezi ni nzima. Mama aache vidonge hivyo angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na kama anatumia dozi kubwa aache wiki nzima. Akisahau, amwambie mpimaji. Na nywele zenyewe: kukatika mwezi wa 3 hadi wa 5 baada ya uzazi ni kawaida, na hujaa tena bila kidonge chochote.

Jambo jingine linaloponyoka: mama anaweza kupimwa siku ambazo anavuka kutoka awamu ya kwanza kwenda ya pili, TSH ikatoka nzuri. Dalili zikiendelea, arudie baada ya wiki 4 hadi 8.

Wakati anasubiri, ahesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa dakika nzima, asubuhi kabla hajainuka kitandani, siku tatu mfululizo. Yakipita 100, asingoje tarehe ya kliniki. Macho yakianza kutokeza au shingo ikivimba, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine wa tezi, na dawa zake ni tofauti. Dawa za kuzuia tezi kutengeneza homoni hazimsaidii mwenye tezi inayovuja, maana shida yake siyo utengenezaji.

Bibi_Mkunga

Mwanangu, hapo juu pameelezwa vizuri. Mimi naongeza kuhusu yule ambaye TSH yake na damu yake ni nzuri, na bado halali. Huyo asiambiwe hana kitu. Wasiwasi baada ya uzazi ni ugonjwa unaotibika, na unaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza.

Mpe dodoso la Edinburgh la kutambua huzuni baada ya uzazi, lile la mwaka 1987 lenye maswali 10. Wengi wanajumlisha alama zote na kuangalia kama zimefika 13, basi. Angalia pia swali la 3, la 4 na la 5 peke yake: kujilaumu, kuwa na wasiwasi, kuogopa bila sababu. Mama mwenye hofu anaweza kupata alama nyingi hapo na chache kwingine, akapita chini ya mstari, akakosa msaada. Swali la 10 linahusu kujidhuru. Jibu lolote lisilo "hapana kabisa" linashughulikiwa siku hiyohiyo.

Muulize pia hofu inakuja lini hasa. Kuna mama ambaye sekunde chache kabla maziwa hayajaanza kutiririka anashikwa na huzuni nzito au hofu, na baada ya dakika chache imetoweka. Akinyonyesha tena, inarudi vilevile. Hilo ni badiliko la kemikali la mwili linaloambatana na maziwa kuanza kutiririka, si dalili kwamba hampendi mwanawe. Kulijua tu kunamwondolea nusu ya mzigo. Anywe maji, akae na mtu wa kuongea naye wakati huo. Wengi huona linapungua mtoto anavyokua.

Kuhusu usingizi nitasema kwa ukali kidogo: hakuna dawa wala mazoezi yatakayofidia usingizi wa mang'amung'amu. Mama anahitaji kipande kimoja cha saa 4 hadi 5 bila kuamshwa. Anyonyeshe saa 2 usiku, alale chumba kingine au akiwa ameziba masikio, na baba, bibi au dada wa nyumbani ashike zamu hadi saa 7. Maziwa yakamuliwe mapema na yatolewe kwa kikombe. Kwenye joto la nyuzi 25 yanakaa saa 4. Kwa joto la Dar au Mombasa yape muda mfupi zaidi, au yaweke kwenye friji, huko yanakaa hadi siku 4. Kosa ninalolikuta sana ni mama kupewa zamu ya kulala halafu kila mtoto akilia anaitwa. Huko si kulala.

Na lile la kukagua pumzi. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu, bila mito wala mablanketi mazito, chumba kimoja na mzazi au aliye zamu. Hayo yakishafanyika, kila ukaguzi wa ziada unamtuliza mama dakika chache tu na kuufundisha ubongo kwamba mtoto alinusurika kwa sababu alikaguliwa. Apunguze kwa hatua: kama ni mara tano, wiki hii mara tatu, wiki ijayo moja tu kabla ya kulala. Hofu ikipanda katikati, avute pumzi kwa kuhesabu 4 na kuitoa kwa kuhesabu 6, dakika tano, bila kuinuka. Itapanda, itafika kilele, itashuka yenyewe. Usiku wa kwanza ni mgumu kuliko yote.

Wengine wanapata picha za kutisha kichwani: mtoto anaanguka ngazini, kisu kiko karibu. Mama anayeshtushwa na picha hizo na kuzichukia hana nia ya kumdhuru mtoto. Usimtangaze, usimnyang'anye mwana. Tofauti ni yule anayesikia sauti, anayeamini mtoto amebadilishwa au ana kazi maalum ya kutimiza, ambaye hahisi hata haja ya kulala, au maneno yake hayaunganiki. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi, asiachwe peke yake na mtoto, na safari isianzie kwa mganga.

Mhudumu_wa_Mtaa

Shikamoo bibi, nashukuru sana. Bado chakula na mazoezi. Wengi hawataki kuacha mpango wao wa kupunguza uzito, na baadhi wanakunywa chai za kupunguza tumbo.

Lishe_na_Dagaa

Chai za tumbo ziachwe leo. Nyingi zina sena, mmea wa kuharisha. Mama anaharisha, anapoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaruka mapigo. Anayeogopa moyo wake anajiongezea sababu ya kuogopa. Nyingine zimekutwa na sibutramini ndani bila kuandikwa kwenye pakiti, dawa iliyoondolewa sokoni nchi nyingi tangu 2010 kwa madhara ya moyo.

Kunyonyesha kunatumia takriban kalori 400 hadi 500 kwa siku. Mama anayeruka chakula cha asubuhi na kukata ugali jioni, sukari yake inashuka, mwili unatoa adrenalini kuipandisha, na adrenalini ni mtetemo, jasho na moyo mbio. Anadhani amepata hofu, kumbe ana njaa. Ale kila saa 3 au 4: asubuhi mayai mawili na kiazi kitamu, mchana ugali wa ukubwa wa ngumi na maharage au dagaa na mboga, jioni vivyo hivyo, na karanga au ndizi ya kuweka kando ya kitanda kwa usiku wa kunyonyesha. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Kupungua haraka kuliko hapo huku anakula vizuri ni sababu ya kupima TSH, si ya kushangilia.

Kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku. Kikombe cha chai ya majani kina kama 40 hadi 50, kahawa ya unga ya kukoroga 60 hadi 80, kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu 80. Cha mwisho kiwe kabla ya saa 6 mchana. Chai isinywewe pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Iachane navyo saa moja au mbili, la sivyo chuma hakifyonzwi vizuri.

Mazoezi: kama mapigo ya asubuhi yanapita 100, aache yale ya kukimbia na kuruka hadi majibu yatoke. Yakiwa ya kawaida, aanze na kutembea dakika 10 mara mbili kwa siku, mtoto mgongoni ikibidi, kwa kasi ambayo bado anaweza kuzungumza. Hizo ni kama dakika 140 kwa wiki; aongeze kidogo hadi afike 150. Anayeanza moja kwa moja na mazoezi makali hupata moyo mbio na pumzi fupi, ubongo unavitafsiri kama hofu, na anaacha siku ya tatu.

Chumvi yenye madini joto ya kawaida inatosha. Vidonge vya mwani au madini joto ya ziada vinaweza kuichokoza tezi iliyokwisha kuvimba.

Mfamasia_Pwani

Naongeza upande wa dawa, zote kwa cheti cha daktari.

Awamu ya tezi kuvuja inaweza kupewa propranololi kwa dozi ndogo kutuliza moyo na mtetemo. Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo. Mwenye pumu asipewe. Isikatwe ghafla.

Kwa ugonjwa wa wasiwasi wenyewe, sertralini ndiyo huchaguliwa sana kwa anayenyonyesha, kwa kuwa kwenye maziwa inapita kidogo sana. Kwa kawaida huanza na miligramu 25 na baada ya wiki kupanda hadi 50. Wiki mbili za kwanza inaweza kumfanya ajisikie hatulii zaidi, na hapo ndipo wengi wanaitupa. Waambieni mapema. Nafuu inaanza wiki ya 2 hadi ya 6, na akipona anaendelea angalau miezi 6.

Diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) ya kuazimwa kwa jirani, hapana. Inajikusanya mwilini mwa mtoto na kumlegeza, na mama aliyelala usingizi mzito kitanda kimoja na mtoto ni hatari.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu: baadhi wanaona hisia zinabadilika. Sindano haitolewi ikishaingia, kwa hiyo mama aandike tarehe aliyochomwa na tarehe dalili zilipoanza, aende na daftari kliniki kabla ya sindano inayofuata, na asiache njia moja kabla hajapata nyingine.

Na akitaka kumwachisha mtoto ziwa, asikate siku moja. Prolaktini na oksitosini, homoni za kunyonyesha, zikishuka kwa mpigo, wasiwasi uliokuwa umetulia unaweza kurudi. Aondoe nyonyesho moja, asubiri siku 3 hadi 7, aondoe linalofuata, na lile la usiku aliache mwisho.