Kwa nini Emden ilitamba Bahari ya Hindi huku Königsberg ikikwama Rufiji?

Msomaji wa Kilwa:
Ndugu wanajukwaa, manowari hizi mbili za Wajerumani zilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105 kila moja, na zilianza vita ya 1914 zikiwa na kazi ileile ya kuwinda meli za biashara. Emden ya Karl von Müller ilikamata meli zaidi ya 20 kwa takriban miezi mitatu, lakini Königsberg ya Max Looff ilipata moja tu, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman. Je, tofauti ilikuwa ni uhodari wa makamanda?

Fundi Mitambo:
Ndugu, tofauti kubwa ilikuwa makaa ya mawe. Müller alipoagana na kikosi cha manowari za Wajerumani cha admirali von Spee huko Pagan, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, mwezi Agosti, alifuatana na Markomannia, meli iliyosheheni makaa, na baadaye akategemea makaa ya meli alizoziteka. Mwezi Septemba alikamata meli ya makaa Pontoporos, kisha Buresk, iliyokuwa ikilipelekea jeshi la majini la Uingereza makaa bora ya Wales. Mabaharia wake walihamisha makaa hayo kwa magunia katika joto kali, na ghala zilipojaa, yaliyobaki yakarundikwa sitahani. Looff alipata makaa hafifu kutoka City of Winchester, na Waingereza walikuwa wamekwisha kununua akiba iliyokuwapo Msumbiji ili asiipate; ndiyo maana Königsberg ikakwama Rufiji.

Mjukuu wa Nahodha:
Nakubaliana nawe kuhusu makaa, lakini tusimpunje Müller. Emden ilikuwa na mabomba matatu ya moshi. Yeye akaongeza la nne, la turubai, ili ionekane kama manowari ya Kiingereza, na kwa hila hiyo akaingia Penang alfajiri ya tarehe 28 Oktoba na kuizamisha manowari ya Kirusi Zhemchug. Jambo ninaloliheshimu zaidi ni jinsi alivyowatunza mateka: aliwapakia katika Kabinga, meli ya Kiingereza yenye shehena iliyokuwa mali ya Wamarekani, akaiachia iende zake. Mtu huyu aliwahi kutumikia pwani yetu katika meli Schwalbe, akapata malaria iliyomsumbua maisha yake yote.

Msomaji wa Kilwa:
Ahsanteni sana. Kwa nini basi Müller akanaswa visiwa vya Cocos, katika Bahari ya Hindi?

Fundi Mitambo:
Alitaka kuharibu kituo cha simu za upepo na nyaya za chini ya bahari, akashusha watu wapatao 50. Watumishi wa kituo walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba wameona meli ngeni, na manowari Sydney ya Australia, iliyokuwa karibu ikisindikiza msafara wa askari, ikafika tarehe 9 Novemba na mizinga ya milimita 152, ambayo masafa yake yaliizidi ile ya Emden. Müller aliipandisha meli yake kwenye mwamba ili kuokoa waliobaki. Looff alidumu Rufiji hadi Julai 1915, na mizinga yake ikaendelea kupigana nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki.