Mdogo wangu amejiunga na "fraterniti" ya Walatino Marekani, mama anasema ni Frimasoni. Nisaidieni

MukeneBusia:

Hamjambo wenzangu. Niko Busia upande wa Uganda, naandika nikiwa sokoni, kwa hiyo mnisamehe nikikatika.

Mdogo wetu wa mwisho alipata ufadhili, yuko mwaka wa pili chuoni New Jersey. Wiki iliyopita alituma picha WhatsApp amevaa jaketi la kahawia lenye herufi tatu nyeupe kifuani. Ya kwanza kama hema, ya pili yai lenye mstari katikati, ya tatu yai lililochomwa mkuki. Chini akaandika: "Sasa nina ndugu wengine." Mama aliposomewa aliacha kupima mukene (dagaa), akauliza hao ndugu wamezaliwa na nani. Jirani akaitazama ile herufi ya kati akasema hilo ni jicho, kijana ameshaingia Frimasoni. Tangu siku hiyo nyumbani hakulaliki.

Nikampigia. Anasema ni fraterniti, yaani chama cha wanafunzi wa kiume, ya Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, si dini, ila kuna mambo ya ndani hawezi kunieleza. Hapo ndipo na mimi nikashtuka. Tena sisi ni Wasamia, Ulatino tumeutoa wapi? Anayejua kitu hiki kilianzaje aniambie, nipate la kumwambia mama.

Fundi wa Arua:

Dada, pole na mkae mkijua kijana hajapotea. Hizo herufi ni Lambda, Theta na Phi, na kahawia na nyeupe ndizo rangi zao. Ni alfabeti ya Kigiriki. Vyama vya wanafunzi Marekani vinajiita hivyo tangu 1776, kilipoanzishwa Phi Beta Kappa huko Virginia. Jicho halimo.

Mimi nilikaa Troy, jimbo la New York, miaka miwili nikisomea uhandisi. Nilipanga nyumba na kijana wa Colombia aliyebandika picha ya Simón Bolívar, mkombozi wa nchi za Amerika ya Kusini, juu ya jiko, mafuta yanamrukia Bolívar kila jioni. Yeye alikuwa Phi Iota Alpha, chama kikongwe kuliko vyote vya Walatino vilivyobaki hai, na ndiye aliyenisimulia. Mwaka 1898, hapohapo Troy, katika chuo cha Rensselaer, wanafunzi waliotoka Amerika ya Kusini na ya Kati waliunda umoja wao. Walikuwa wageni, dada. Wamekuja kusoma, warudi kwao wakajenge. Kihispania chao kikichekwa darasani, jioni wana mahali pa kukizungumza bila kuchekwa. Umoja huo ukaungana na vyama vingine vya namna hiyo, na tarehe 26 Desemba 1931 ikazaliwa Phi Iota Alpha. Siku ya pili ya Krismasi! Mimi huwaza: vijana wa nyumbani wako kwa mama zao, hawa wako kwenye theluji wanaandika katiba.

Hiki cha mdogo wako ni cha wimbi la pili, na wimbi lile lilikuwa na watu tofauti. Kilianza tarehe 1 Desemba 1975 katika chuo cha Kean, New Jersey, na wanafunzi 14. Kwa kipindi hicho vyuo vilikuwa vinapokea watoto wa Wapuerto Rico, Wakuba na wengineo waliokulia Marekani kwenyewe, wengi wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Hawa hawakuwa wageni, lakini kwenye vyama vya Wazungu hawakujiona. Kaulimbiu yao kwa Kihispania ni *En la unión está la fuerza*. Mwambie mama maana yake ni umoja ni nguvu, basi. (Na mji wenye chuo hicho unaitwa Union. Nilicheka sana nilipoliona jina kwenye ramani.)

Baada ya hapo vikachipuka kama uyoga: Lambda Upsilon Lambda pale Cornell 1982, Sigma Lambda Beta huko Iowa 1986, kwenye nchi ya mahindi ambako Walatino walikuwa wa kuhesabu, Omega Delta Phi Texas 1987. Kile kikongwe nacho kilikuwa kimefifia miaka ya 70, kikafufuliwa miaka ya 80. Mwaka 1998 vingi vikaunda baraza la pamoja, NALFO. Vinavyokua utadhani makanisa ya kilokole: kijana anasikia habari, anakusanya wenzake wachache, wanaomba kibali cha chuo, wanafungua tawi. Huulizwi kabila, ndiyo maana Msamia amepita.

Box Mstaafu:

Fundi umesahau akina dada! Lambda Theta Alpha ilianzia chuo hicho hicho, mwaka huo huo wa 1975.

Mimi nilikaa Mary Stuart, bweni la wasichana pale Makerere, tunaloliita Box. Waganda wanaostuka na fraterniti wamesahau Lumbox, yaani umoja wetu na wavulana wa bweni la Lumumba, tulivyoshuka mlima tukiimba usiku wa uchaguzi wa gildi, serikali ya wanafunzi. Wale wavulana walikuwa wanalitukuza lile sanamu lao Gongom, na mbona hakuna aliyewaita Frimasoni? Tofauti ni kwamba sisi bweni tulipangiwa. Wenzetu wanachagua, na wanachaguliwa.

Afande wa Bombo:

Mnampamba sana. Dada, muulize kijana jambo moja: kabla ya kupewa jaketi alifanywa nini? Vyama hivi, vya rangi zote, vimewahi kuua vijana kwa kuwapiga au kuwanywesha pombe, wakiita majaribio. Mimi nimefundisha makuruta, najua mpaka kati ya zoezi na unyama. Mwisho wa 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovilazimu vyuo kutangaza hadharani visa vya namna hiyo. Aangalie ripoti ya chuo chake.

Fundi wa Arua:

Afande ana haki. Mwenzangu wa Colombia naye lile la "mambo ya ndani" hakunifungulia hata siku moja, nikamwacha nalo. Kupigwa si siri ya kutunziwa lakini.

MukeneBusia:

Nimerudi. Nimempigia kwa spika mama akisikiliza. Nikauliza la Afande bila kuzunguka. Anasema alikaririshwa historia ya chama mpaka akaiota, akakoseshwa usingizi kidogo, mkono haukumgusa. Mama akasema apa. Akaapa kwa kaburi la baba.

Halafu nikamsomea mama habari ya wale 14 na ile kaulimbiu. Akanyamaza, akasema kumbe ni chama. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha wauza samaki, mwaka wa tisa huu. Akauliza kama kuna ada. Kijana akasema ipo, kila muhula. Basi mkutano ukabadilika: Frimasoni imesahaulika, sasa anataka kujua daftari la pesa anashika nani, na kwa nini ada inalipwa kwa dola na yeye haonyeshwi risiti.